Si Kila Kuvu Mzizini Ni Ugonjwa

Katika mashamba ya Vihiga na Kakamega, magharibi mwa Kenya, mkulima akiambiwa kwamba mizizi ya mahindi yake ina kuvu, huwaza mara moja juu ya dawa ya kupulizia. Imani hiyo, kwamba kila kuvu ni ugonjwa, ina chembe ya ukweli, kwani zipo kuvu zinazoozesha mizizi ya maharagwe kwelikweli. Hata hivyo, mimea mingi ya nchi kavu, mahindi na maharagwe yakiwemo, huishi na kuvu za manufaa, ambazo hazionekani vizuri mpaka mzizi utiwe rangi na kutazamwa kwa hadubini.

Kuvu hizi hupenya seli za mzizi, zikatandaza humo vitawi mfano wa mti, na kupokea sukari. Nazo, kwa nyuzi zake nyembamba zinazotandaa udongoni, huleta fosforasi, kirutubisho cha mmea, kutoka mahali ambapo mzizi haufiki, huduma kubwa katika udongo mwekundu wa huku, ambamo chuma na aluminiamu huing'ang'ania fosforasi hiyo.

Mzizi mmoja huweza kubeba spishi kadhaa. Inayotangulia, iwe imetokana na spora (chembe ya uzazi ya kuvu) iliyolala udongoni au na uzi wa kuvu uliotoka kwenye mmea jirani, mara nyingi hujitwalia nafasi kubwa. Lakini nyingine hupata riziki, kwa kuwa baadhi hujaa ndani ya mzizi na baadhi hutandaa mbali nje. Majaribio yaliyochapishwa mwaka 2011 yalionyesha kwamba mmea huweza kuipa sukari zaidi kuvu iletayo fosforasi zaidi. Kulima mara kwa mara hukata nyuzi hizo, na mbolea nyingi ya fosfeti huufanya mmea uwapunje sukari kuvu, wapangaji wake.