Makucha ya trekta dogo: "ukubwa unaofaa" ni upi?

Ukiingia karakana ya kuchomelea ukasema unataka makucha ya mbele ya trekta, swali la kwanza utakaloulizwa ni futi ngapi. Nne? Tano? Sita? Fundi ana haki ya kuuliza, lazima ajue akate chuma kirefu kiasi gani. Ila kwa mwenye trekta dogo, hizi za nguvu farasi 25 hadi 50, futi huja baadaye. Linaloanza ni kilo: trekta linabaki na uwezo wa kunyanyua kilo ngapi baada ya makucha yenyewe kuning'inia pale mbele?

Makucha ninayoyasema, wengine huyaita grapo, hufungwa kwenye mikono ya loda, yaani ile mikono ya kunyanyulia iliyo mbele ya trekta, mahali pa ndoo. Chini kuna meno marefu yaliyopinda, juu kuna taya moja au mbili zinazofunguka na kufunga kwa jeki za haidroliki. Mchanga na udongo ni kazi ya ndoo. Makucha ni ya vile vitu ambavyo ndoo huviparaza tu bila kuvishika: magogo, matawi ya miiba, mawe, miti ya pamba iliyong'olewa msimu ukiisha ili ichomwe, na kwa sisi wa kando ya ziwa, magugu maji.

Tupige hesabu. Chukua loda ambayo kitabu chake kinasema inanyanyua kilo 600 kwenye pini. Pini ni pale makucha yanapoungana na mikono. Lakini mzigo haukai kwenye pini, unakaa mbele yake, juu ya meno. Ndiyo maana vitabu vingi hutoa namba ya pili, iliyopimwa sentimita 50 mbele ya pini, na hiyo huwa ndogo zaidi. Tuseme hapa ni 450. Tumia hiyo, hata kama muuzaji anakusomea ile ya kwanza kwa sauti kubwa. Sasa toa uzito wa makucha. Yakiwa na kilo 180, umebaki na 270. Ukichagua yale ya kilo 260 kwa kuwa yanaonekana ya kiume, umebaki na 190. Trekta ni lilelile, dizeli ileile, ila kila safari unaacha kilo 80 chini.

Hesabu hii inakuonea kidogo, maana uzito wa makucha uko karibu na pini kuliko mzigo wenyewe. Acha ikuonee. Angalia pia namba ya kitabu ni ya kimo gani: kupakia juu ya lori ni kugumu kuliko kunyanyua hadi magotini, na loda nyingi huwa na nguvu zaidi mikono ikiwa chini.

Mwanza haiitwi Jiji la Miamba bure, kwa hiyo tuanze na mawe. Jiwe la graniti lenye umbo la mviringo na kipenyo cha sentimita 40 lina kilo 90 hivi. La sentimita 60 linafika 300. La sentimita 80 linapita 700. Watu wengi huteleza hapa: jicho linaona jiwe la tatu ni kubwa mara mbili ya la kwanza, kumbe kipenyo kikiongezeka mara mbili uzito unaongezeka mara nane. Kwa zile kilo 270 zetu, jiwe la mwisho unaloweza kulibeba halifiki sentimita 60, yaani linakaribia goti lako au kulipita kidogo. Makucha ya futi 6 hayatalipunguza uzito. Kinyume chake, kwa mawe makucha membamba ya futi 4 yana faida: ni mepesi, na nguvu ya meno inakusanyika mahali pamoja unapoling'oa jiwe ardhini.

Gogo nalo lina hesabu yake. Gogo bichi la unene wa sentimita 30 na urefu wa mita 3 lina kilo zinazokaribia 200. Hapo upana unaanza kuwa na maana, kwa sababu gogo likishikwa na meno yaliyokaa mbalimbali haliyumbi. Na kwa kuwa gogo huwa nene upande mmoja, taya mbili zinazofunga kila moja kivyake hulishika vizuri kuliko taya moja pana inayogusa upande mnene na kuacha mwembamba ukicheza. Ubaya wake ni kwamba taya mbili ni jeki mbili, mipira zaidi ya oili, na kilo zaidi.

Magugu maji ndiyo yaliyonifundisha mimi. Yamekuwa ziwani tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, na kila anayeyaona yamelundikana ufukweni hudhani ni majani tu. Nilidhani hivyo. Nikachongesha makucha ya futi 6 kwa trekta la nguvu farasi 30, nikiwaza kwamba kitu laini kinataka mdomo mpana. Siku ya kwanza, kwenye mwalo mmoja upande wa Ilemela, opereta akayachomeka kwenye lundo lililotoka majini asubuhi ileile, akafunga taya, akanyanyua. Lundo halikukatika. Mizizi ya magugu hushikana kama mkeka, kwa hiyo ukivuta kidogo kinakuja kingi. Magurudumu ya nyuma yakaacha mchanga, taratibu, kama shubiri moja. Mzee aliyekuwa akishona wavu pembeni hakusimama hata. "Mwanangu," akaniambia, "trekta lako linasujudu."

Zaidi ya asilimia 90 ya uzito wa gugu bichi ni maji. Mdomo mpana ulikuwa umekamata maji, na maji hayana huruma ya majani. Tulichojifunza ni kuyavuta hadi nchi kavu, kuyaacha siku kadhaa yachuje na kunyauka, ndipo tunayabeba. Yakishakauka, makucha mapana yanafaa kweli, kwa sababu sasa unabeba kitu kikubwa kwa umbo na chepesi kwa uzito. Basi upana unaofaa ni suala la kitu unachobeba katika hali unayokibeba.

Kwa kazi mchanganyiko, kipimo ninachokiamini ni upana wa trekta lenyewe, kutoka ukingo wa nje wa tairi moja hadi wa nyingine. Makucha yakilingana na hapo, au yakizidi kwa kiganja, yanasafisha njia ambayo tairi zitapita, na miiba haibaki ya kutoboa. Yakizidi sana, siku moja utanyanyua kitu kizito kwa pembe moja tu, na mikono ya loda itajikunja. Kuinyoosha ni kazi ngumu.

Kuhusu kusujudu: dawa yake ni uzito wa nyuma, na hauna mbadala. Mzigo wa mbele unaegemea ekseli ya mbele, ambayo kwenye trekta dogo ndiyo dhaifu, na ufukweni hiyo ndiyo inayozama. Wengine hutia maji kwenye tairi za nyuma. Wengine humwaga zege kwenye pipa na kulifunga nyuma ya trekta. Pipa la lita 200 likijaa zege linakaribia nusu tani, kwa hiyo kwanza uhakikishe mikono ya nyuma inaweza kulinyanyua. Kwa matrekta mengi madogo nusu pipa latosha.

Kitu cha mwisho cha kuuliza kabla hujatoa hela ni njia ya oili. Loda ya kawaida ina njia mbili: ya kupandisha mikono na ya kupindua ndoo. Makucha yanataka ya tatu, ya kufungua na kufunga taya. Kama trekta halina, itabidi iongezwe valvu, au mipira ivutwe kutoka kwenye matoleo ya oili ya nyuma. Na usidanganyike na jeki nene: shinikizo la pampu likiwa lilelile, jeki nene inabana zaidi lakini inameza oili nyingi, na pampu ya trekta dogo itakufanya usubiri taya zifunge huku jua likikuchoma.

Yale makucha yangu ya futi 6 niliyarudisha karakana. Fundi akayapima, akayakata hadi futi 4 na nusu, akaondoa na meno mawili. Kile kipande kilichobaki amekigeuza stendi ya kupozea vyuma, na kila nikienda ananiuliza kama nakitaka.