Je, wajua kwamba kwenye Linux faili ya /dev/sda, inayowakilisha diski ya kwanza, haina draiva (programu inayoendesha kifaa) ndani yake, wala data ya diski?

Kwa miaka niliamini kwamba faili zilizomo kwenye saraka ya /dev ndizo draiva zenyewe. Ukichomeka flashi, /dev/sdb inatokea, ukiichomoa, inatoweka. Nikajua basi humo ndimo ilimo programu inayoiendesha. Sivyo hata kidogo, na kosa hili nimelikuta hata kwa watu walioizoea Linux.

Andika ls -l /dev/sda, utapata mstari unaoanza hivi:

brw-rw---- 1 root disk 8, 0

Hapo penye 8, 0 ndipo faili ya kawaida huonyesha ukubwa wake. Hii haina ukubwa wa kuonyesha. Ukiacha jina, mwenyewe na ruhusa, kinachobaki ni herufi moja na namba mbili. Herufi b ni ya vifaa vinavyosomwa kwa mafungu, kama diski. Herufi c ni ya vile vinavyopitisha data mfululizo, kama kipanya.

Ichukulie faili hiyo kama kibao cha mlangoni. Kibao hakimhudumii mtu, kinaelekeza tu. Namba ya kwanza inasema ni fundi yupi anahusika, yaani draiva. Ya pili inamwambia fundi ni kifaa kipi kati ya vyake. 8 ni ya diski za jamii ya sd: 8, 0 ni diski ya kwanza nzima, 8, 1 ni patisheni (sehemu) yake ya kwanza, 8, 16 ni diski ya pili. Programu ikifungua faili, kerneli (kiini cha mfumo) inasoma kibao, inamtafuta fundi kwenye orodha yake, na maombi yote yanakwenda kwake. Jina la faili halihesabiki.

Ndiyo maana unaweza kubandika kibao chako mwenyewe. Ukiwa mtumiaji mkuu, andika:

mknod /root/shimo c 1 3

1, 3 ni namba za /dev/null, kwa hiyo chochote utakachokiandika kwenye shimo kitapotelea humo vilevile. Inapendeza mno kuiona ikifanya kazi. (Usijaribu ndani ya /tmp: mifumo mingi huipachika kwa sharti la nodev, linalozuia faili za vifaa, na hapo kerneli itakataa kuifungua.) Ukiweka namba isiyo na draiva, faili itaumbwa bila shida, ila ukiifungua utajibiwa kwamba hakuna kifaa hicho.

Draiva yenyewe imo ndani ya kerneli, au ni moduli (kipande cha kerneli kinachopakiwa kikihitajika) iliyowekwa chini ya /lib/modules. Flashi ikichomekwa hujitambulisha kwa namba za mtengenezaji, za bidhaa na za aina yake. Programu ya modprobe huzilinganisha na orodha ya modules.alias na kupakia moduli inayofaa. Kibao hubandikwa na kerneli, kisha programu ya udev hurekebisha ruhusa na kuongeza majina mengine.

Ushahidi ulioniondolea shaka kabisa ni kadi ya mtandao. Amri ya ip link itakuonyesha eth0 au jina linalofanana nalo, na draiva yake inapokea na kutuma data muda wote. Itafute kwenye /dev: hutaikuta, maana kadi za mtandao hazibandikiwi kibao huko.