Thamani ya kiuchumi ya uvuvi wa burudani baharini ni nini hasa?

Uvuvi wa burudani ni kuvua kwa ajili ya raha ya kuvua. Mvuvi wa aina hii hamtegemei samaki amlipie karo ya watoto. Yeye ndiye anayelipa, tena pesa nzuri, ili apate siku moja na fimbo, mshipi na maji makuu. Hapo ndipo hesabu tulizozoea zinapogoma. Kwa mvuvi wa riziki, thamani ya samaki tunaijua kwa mizani na bei ya mnada. Kwa huyu mwingine, huenda isifike mnadani hata kilo moja, na bado utasikia kwamba shughuli yake ina thamani ya mabilioni. Mabilioni ya nini?

Chukua Watamu, pwani ya Kenya, wakati wa kaskazi. Boti inatoka alfajiri, inapita mlango wa mwamba na kuanza kurambaza, chambo kikikokotwa nyuma juu ya maji. Sulisuli ananasa, anaruka, anavuta mshipi mita kwa mita. Akishachoka na kuletwa ubavuni, baharia mwenye glavu anamkamata mdomo wake mrefu, mwenzake anamchoma mgongoni, chini ya pezi, kibandiko chembamba chenye namba. Nahodha anaisogeza boti mbele polepole ili maji yapite kwenye matamvua mpaka samaki arudiwe na nguvu, kisha anaachiwa aende. Namba inaandikwa kwenye kadi pamoja na tarehe na makisio ya uzito, na kadi inapelekwa African Billfish Foundation, shirika lililoko hapo hapo Watamu, ambalo hufuatilia samaki hao wanakokwenda.

Kwenye daftari la mnada, siku hiyo imeingiza sifuri. Lakini mteja amelipa boti, amelala hotelini, amekula, ameacha bakshishi. Jumlisha malipo hayo yote na utapata kile ambacho wachumi hukiita mchango wa kiuchumi wa uvuvi wa burudani: fedha zinazozunguka kwa sababu watu wanavua. Hiki ndicho kipimo kinachopendwa na wanasiasa na vyama vya wavuvi wa burudani, kwa sababu hutoa tarakimu kubwa.

Thamani ya kiuchumi ni kitu kingine, na tofauti yake na mchango ndiyo roho ya dhana hii. Tuseme siku ya boti inakugharimu shilingi 25,000 kwa kila kitu. Moyoni mwako unajua ungekwenda hata kwa 40,000. Ikizidi hapo ungebaki nyumbani. Zile 15,000 za kati hazikutoka mfukoni mwako wala hazikuingia kwenye mfuko wa mtu yeyote, lakini ni faida yako ya kweli. Inaitwa ziada ya mlaji. Kusanya ziada za wavuvi wote, ongeza faida wanayobaki nayo wenye boti baada ya kutoa gharama zao, na hapo ndipo unapokaribia thamani: kile ambacho jamii ingekipoteza kama uvuvi huo usingekuwepo.

Sasa dizeli ipande, na siku ile ile ikugharimu 32,000. Bado unakwenda. Kwa hesabu ya mchango, mambo ni mazuri, kwani umetumia 7,000 zaidi. Kwa hesabu ya thamani, ziada yako imeshuka kutoka 15,000 hadi 8,000. Kipimo kimoja kinapanda na kingine kinashuka kwa tukio moja. Ndiyo maana mimi nikisoma taarifa inayosema "thamani ya uvuvi huu ni kiasi fulani" halafu nikagundua kwamba wamejumlisha risiti za mafuta na vyumba vya hoteli, naifunga. Risiti zinaonyesha gharama, na gharama ni upande wa pili wa daftari.

Hii haina maana kwamba mchango ni hesabu ya bure. Mji unaoishi kwa wageni unahitaji kujua fedha zinaingia kwa mlango gani. Shilingi iliyolipwa kwa nahodha inanunua unga dukani, mwenye duka anamlipa kijana wa kubeba mizigo, na hivyo shilingi moja inafanya kazi ya zaidi ya moja. Wachumi wana tarakimu ya kuonyesha mzunguko huo, inaitwa kizidishi, na ni tarakimu inayovumilia uongo mwingi. Fimbo na rili, yaani gurudumu la kukunjia mshipi, za kampuni kama Shimano au Penn hazikutengenezwa Malindi. Injini ya boti imekuja na meli. Mgeni aliyelipia safari yote kwa wakala wa Ulaya ameacha sehemu ya fedha huko huko. Kinachobaki pwani ni mishahara ya mabaharia, barafu, chakula, matengenezo, na chambo kikinunuliwa kwa wavuvi wa ngalawa. Halafu kuna kusi, bahari ikichafuka na boti kupandishwa juu kwa miezi kadhaa. Ajira iliyohesabiwa kama moja kamili kwenye ripoti huenda ni ya msimu.

Kuna jambo jingine ambalo hupuuzwa. Mkazi wa Mombasa asipokwenda kuvua Jumamosi, fedha ile ataila mahali pengine hapo hapo nchini, iwe kwenye nyama choma au kwenye mpira. Uchumi wa Kenya haujapoteza kitu kikubwa. Mgeni kutoka nje akikuta bahari haina samaki, anaweza kuhamishia safari yake Mauritius, na hizo ndizo fedha zilizopotea kweli. Kwa hiyo mchango wa mkazi na wa mgeni haufai kuwekwa kapu moja.

Marekani ndiyo nchi iliyochimba hesabu hizi kwa kina zaidi, na taasisi yao ya bahari na hali ya hewa, NOAA, hutoa ripoti ya uchumi wa uvuvi mara kwa mara. Kwa mwaka 2017 ilikadiria kwamba uvuvi wa burudani wa maji chumvi ulizalisha mauzo ya takriban dola bilioni 74 na kushikilia ajira 487,000, za muda wote na za muda mfupi. Ndani ya bilioni hizo kuna safari zenyewe, lakini sehemu kubwa ni vifaa vya kudumu: boti, zana, hata magari ya kuvutia boti, pamoja na mzunguko wa fedha hizo. Ni mchango. NOAA wenyewe hawauiti thamani. Mkorogo huanza tarakimu ikishatoka kwenye ripoti na kuingia kwenye hotuba.

Basi ziada inapimwaje, maadamu haina risiti? Njia ya kale zaidi ilitoka kwenye barua. Mwaka 1947 mchumi Harold Hotelling aliiandikia idara ya hifadhi za taifa ya Marekani akieleza kwamba kiingilio kinaweza kuwa bure, lakini safari si bure. Anayekaa mbali analipa zaidi kufika, na watu wa mbali huja mara chache zaidi. Ukijua wanakotoka na wanakuja mara ngapi, unaweza kuchora jinsi idadi ya safari inavyopungua gharama inapopanda, na kutoka kwenye mchoro huo ukasoma ziada ya wale wa karibu. Ndiyo njia ya gharama za safari. Kwa Watamu ungeuliza wavuvi wa Malindi, wa Mombasa na wa Nairobi, ukalinganisha. Inafanya kazi vizuri kwa mtu aliyetoka nyumbani kwenda kuvua tu. Kwa Mwitaliano aliyekuja wiki mbili kuota jua, akavua siku moja kwa sababu rafiki yake alimshawishi, utaigawaje tiketi ya ndege? Hapo kila mchumi ana jibu lake.

Njia nyingine ni kuwauliza watu moja kwa moja wangekuwa tayari kulipa kiasi gani. Ina wapinzani wengi, kwa sababu kusema "ningelipa" ni rahisi kuliko kulipa.

Mtu anaweza kuona haya yote ni mchezo wa darasani. Si hivyo. Aprili 2010 mtambo wa kuchimba mafuta wa Deepwater Horizon ulilipuka katika Ghuba ya Mexico na mafuta yakamwagika kwa wiki nyingi. Ilipofika Juni, eneo lililofungwa kwa uvuvi lilikuwa karibu asilimia 37 ya maji ya shirikisho, yaani yanayosimamiwa na serikali kuu ya Marekani, katika Ghuba. Mwenye boti ya kukodisha aliweza kuonyesha hasara yake kwa vitabu. Lakini baba aliyekuwa akivua na wanawe kila wikendi alipoteza nini, ikiwa hata fedha ya mafuta ilibaki mfukoni? Kwa hesabu ya mchango hakupoteza kitu. Kwa hesabu ya thamani alipoteza ziada yote. Wataalamu wa serikali walikadiria kwamba umma ulipoteza siku karibu milioni 16.9 za burudani ya ufukweni, ya boti na ya kuvua, wakazitia thamani ya takriban dola milioni 693. Madai hayo yaliingia kwenye suluhu na BP, kampuni ya mafuta iliyokuwa na kisima hicho. Suluhu iliidhinishwa mwaka 2016, na upande wake wa kurekebisha maliasili ulifika hadi dola bilioni 8.8.

Ghuba hiyo hiyo inatupa mfano wa mahali ambapo tarakimu kubwa haisaidii. Red snapper, samaki mwekundu wa baharini, hugawanywa kati ya makundi mawili: asilimia 51 kwa wavuvi wa biashara na 49 kwa wa burudani. Mwaka 2017 msimu wa wavuvi wenye boti zao binafsi katika maji ya shirikisho ulipangwa kuwa siku 3 tu. Kelele zikawa nyingi, na serikali ikaongeza siku 39. Wavuvi wa burudani walikuwa na hoja yao ya kawaida, kwamba wao huingiza fedha nyingi kuliko wenye nyavu na mishipi ya biashara. Hata ikiwa kweli, hoja hiyo haijibu swali. Anayegawa anatakiwa kuuliza: tani moja ikihamishwa kutoka kundi hili kwenda lile, nani ataongeza thamani kiasi gani, na nani atapunguza kiasi gani? Kinachopimwa ni samaki wa mwisho aliyehamishwa. Kundi linaweza kuwa na jumla kubwa mno na bado samaki mmoja wa nyongeza asilifae sana.

Kwetu hesabu hiyo ingekuwa ngumu zaidi. Sulisuli anayeachiwa na boti ya Watamu si wa Watamu. Anasafiri, na huko anakokwenda anakutana na jarife na mishipi mirefu ya meli. Mwaka 2018 tume ya nchi zinazovua jodari katika Bahari ya Hindi, yenye makao yake Shelisheli, iliweka viwango vya mavuno ya mwaka kwa sulisuli na nduwaro wa aina tatu. Wapenzi wa uvuvi wa burudani husema samaki hai analipa mara nyingi, kwa sababu huvuliwa tena, na mfu hulipa mara moja. Ni kweli, ila wanalinganisha bei ya safari nzima ya boti na bei ya kilo mnadani, yaani mchango upande huu na mauzo upande ule. Kwa mwenye jarife, kilo 30 za sulisuli ni mboga za nyumba kadhaa mtaani na deni la mafuta lililolipwa. Thamani hiyo nayo ina ziada yake, ya mama anayenunua kipande kwa bei nafuu kuliko nyama. Mpaka ziada hiyo ipimwe kwa njia ile ile inayotumika kwa mgeni mwenye fimbo, hakuna wa kusema kwa hesabu sulisuli ni wa nani.