Kwa Wakurdi wa Nashville, anza na tanuri ndo uje kwenye shawarma

Mi ni mwokaji mikate, kazi nimeanzia Zanzibar kwenye boflo na sa hivi niko Nashville, Tennessee, na kila mgeni anaekuja kwangu anauliza shawarma nzuri inapatikana wapi. Nampeleka barabara ya Nolensville Pike, kwa Wakurdi. Ila namkataza kupanga foleni ya nyama kabla hajapita kwenye tanuri, maana ukishauelewa ule mkate ndo utaelewa kwa nini shawarma yao iko vile.

Kwa wasiojua, Nashville ndo mji wenye Wakurdi wengi kuliko mji wowote Marekani. Walianza kufika 1976 baada ya mapigano yao na serikali ya Iraki kushindwa mwaka uliotangulia, wakaja wengine baada ya Anfal ya 1988, yale mauaji ya Wakurdi yaliyofanywa na serikali ya Iraki, na wengine tena 1996 na 1997 wakipitishwa kwanza kisiwa cha Guam, huko bahari ya Pasifiki. Wengi wametokea kaskazini mwa Iraki. Mtu anaefukuzwa kwao namna hiyo habebi tanuri mgongoni, anabeba mkono unaojua donge likoje, na mimi hilo linanigusa sana kila nikiingia maduka yale, mbele mchele na magunia ya ngano iliyopondwa na bucha la halali, nyuma moto.

Sasa mkate. Unaitwa samuni, umbo lake kama mtumbwi mdogo, ncha mbili na tumbo katikati. Ndani ni unga wa ngano, maji, hamira, chumvi, basi. Siri iko kwenye maji na moto. Donge lake ni laini mno, linashika vidole, ukilikanda kama la chapati umeshaharibu, na tanuri lina sakafu ya jiwe lililopashwa moto hasa, kwa hiyo donge likigusa tu jiwe, yale maji yanageuka mvuke kwa ghafla, mvuke unasukuma, ngozi ya juu inakauka kabla mvuke haujatoka na mkate unavimba unabaki na uwazi katikati. Jiwe likipoa kidogo tu unapata mkate mzito usio na mfuko. Nyumbani weka jiwe au bamba zito la chuma kwenye oveni, moto wa mwisho kabisa, liache dakika 45 ndo uweke donge. Usifanye haraka hapo.

Ule uwazi ndo unaobeba nyama. Shawarma (neno lenyewe limetoka Kituruki, maana yake kugeuza) ni nyama iliyokatwa membamba, ikalala kwenye viungo, ikapangwa kwenye mkuki uliosimama unaozunguka, na mafuta katikati ya tabaka. Moto uko ubavuni, mafuta yanateremka yanalowesha nyama ya chini badala ya kudondokea moto, kwa hiyo haipati ladha ya moshi kama mshkaki, inapata ladha ya kukaangika. Mkataji mzuri anasubiri ngozi ya nje iwe kahawia ndo apitishe kisu. Akikata mapema kwa sababu foleni ndefu, unakula nyama iliyochemka tu. Ikiingia kwenye samuni, ngozi ya nje ya mkate haitoboki na ule ulaini wa ndani unakunywa mafuta yote, halafu waambie waweke amba, achari ya embe ya manjano yenye uwatu, watu wa pwani mtaijua harufu kabla hamjaonja.

Kuna na mkate bapa wa tandoori, wa kubandikwa ukutani mwa tanuri la udongo, mwokaji anautandaza juu ya kitu kama mto kisha anaubamiza ndani. Mara ya kwanza kuona nilisimama pale muda mrefu, nikamkumbuka bibi yangu na mkate wa mofa wa mtama, naye alikua anabandika vilevile ila kwa mkono mtupu. Kanuni ni ileile, udongo unavuta unyevu wa chini, moto unachoma uso, na ukiiva unaachia wenyewe.

Nenda asubuhi mikate inapotoka. Nunua wa kutosha, na mfuko usiufunge mkate ukiwa wa moto, uache mdomo wazi mpaka nyumbani, la sivyo mvuke utarudi kwenye ngozi na mkate utakua laini kama sponji.