Samaki Aliyevimba Mashavu: Ukishuka Matema na Miwani ya Kuzamia

Siku moja ufukweni Matema, Ziwa Nyasa, binti wa miaka kama kumi kutoka Mbeya mjini aliibuka majini, akavua miwani ya kuzamia na kumwita baba yake. "Baba, kuna samaki anaumwa! Amevimba mashavu, na wenzake wanakula yeye hali." Baba akanigeukia mimi, maana nilikuwa nimevaa fulana ya idara ya uvuvi. Nikamwambia mtoto: yule haumwi, ni mama, na mle kinywani amebeba wanawe.

Nimefanya kazi ya uvuvi Kyela kwa muda mrefu, na bado hakuna jambo la ziwa letu ninalopenda kulieleza kama hili. Samaki wa miambani wanaoitwa mbuna ni wa jamii moja na sato na perege. Jike hutaga juu ya jiwe na hapo hapo huyazoa mayai kwa mdomo. Dume ana madoa ya manjano kwenye pezi la tumboni karibu na mkia, yanayofanana kabisa na mayai. Jike akiyadonoa akidhani kuna mayai aliyoyasahau, hupokea mbegu za dume, na mayai yanarutubishwa mle mle mdomoni. Kwa muda wa wiki tatu hivi huwalea humo, na siku zote hizo halishi tumbo lake. Ndiyo maana mashavu yamejaa na mwili umekonda.

Sasa mgeni anapomwona, jambo la kwanza ni kumfukuza apate picha. Samaki mwenye mimba ya mdomoni akitishwa sana huweza kuwatema wanawe, au kuwameza. Wakitemwa kabla ya wakati, majirani wa mwamba ule wanawamaliza kwa kufumba na kufumbua. Umefuata picha moja, na kizazi kizima kimepotea.

Kwa hiyo, ukifika kwenye mawe, acha kupiga miguu. Laza mwili, pumua polepole kwenye bomba, elea kama gogo. Dakika ya kwanza utaona mawe matupu. Dakika ya pili au ya tatu wanaanza kutoka nyufani: wa buluu wenye mistari myeusi, wa manjano, wa kahawia. Mwangalie dume mmoja tu. Ana jiwe lake, analikwangua ukoga kwa meno madogo yaliyopangana kama ya brashi, na dume mwingine akisogea anamtoa mbio mpaka mpakani, kisha anarudi. Kumbuka pia kwamba kioo cha miwani hukuza vitu chini ya maji kwa karibu theluthi moja, kwa hiyo yule unayemwona mkubwa kama kiganja huenda ni wa vidole vitatu.

Mawe hayo yako upande wa mashariki wa ufukwe, pale Milima ya Livingstone inapoingia ziwani kuelekea Ikombe. Mbele ya mchanga wa hoteli utaona samaki wachache, ingawa mchangani nako kuna maajabu: madume wengine hujenga vichuguu vya mchanga vyenye shimo katikati kama bakuli ili kuvutia majike, na yuko samaki wa mabaka anayejilaza ubavu kama mzoga, akisubiri vidagaa waje kumdonoa, kisha anawanyakua. Usivuruge vichuguu hivyo kwa miguu.

Mbuna hapendi kuvuka mchanga wala maji ya kina. Anazaliwa, anazaa na kufa kwenye mwamba ule ule. Kwa miaka mingi sana kutengana huko kumezaa mamia ya aina za samaki ambazo ukiondoka Ziwa Nyasa huzikuti majini popote pengine duniani. Upande wa Malawi, eneo la kusini mwa ziwa liliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 1984 kwa sababu ya samaki hawa. Ndiyo maana tunakataza kumchukua samaki kwenye mwamba mmoja na kumwachia kwenye mwingine, hata kwa nia njema. Na mkate msiwape. Wameumbwa kula ukoga.

Kuhusu usalama, mwenyeji wako wa kwanza ni mvuvi. Muulize kuhusu mamba, hasa karibu na mdomo wa Mto Lufilyo na penye matete, na akisema hapana, usibishane naye. Miezi ya katikati ya mwaka upepo wa kusini huamsha mawimbi makubwa kwa muda mfupi, na masika mito huleta tope, usione hata mkono wako. Kichocho nacho kipo. Vijidudu vyake hutoka kwa konokono wa majini na kupenya ngozi kwa dakika chache, zaidi kwenye maji yaliyotulia yenye majani. Kujifuta haraka kwa taulo hakutoshi kukulinda. Wiki sita hadi nane baada ya kuogelea, nenda kapime. Dawa yake, prazikwanteli, inatibu vizuri.

Wanaozamia na mtungi wa hewa nawaomba wasome hapa mara mbili. Uso wa Ziwa Nyasa uko mita zaidi ya 470 juu ya usawa wa bahari, hivyo majedwali ya kuzamia, yale yanayoonyesha unaweza kukaa kwenye kina kwa muda gani, yaliyotengenezwa kwa ajili ya baharini lazima yarekebishwe. Kubwa zaidi ni barabara ya kurudi. Ukiwa kwenye kina, nitrojeni ya kwenye hewa huyeyuka katika damu. Ukipanda juu haraka, inageuka mapovu, kama soda iliyofunguliwa kizibo. Kutoka Matema unapita Tukuyu, unapanda Isyonje zaidi ya mita 2,000, ndipo unashuka Uyole. Kwa mwili wako, safari hiyo ni sawa na kupanda ndege. Ukizamia mara moja tu, subiri angalau muda wa saa 12 kabla ya kupanda milima. Ukizamia mara kadhaa, saa 18 au zaidi. Viungo vikiuma, ganzi ikaingia au kizunguzungu kikakushika, usiendelee kupanda. Tafuta hospitali na umwambie daktari kwamba ulizamia. Wa bomba na miwani pekee hawahusiki.

Hesabu ni hiyo hiyo kwa watu wa Mbeya na Iringa wanaozamia Zanzibar au Mafia, kisha wakarudi kwa ndege. Huko baharini burura nyayo mchangani usije ukamkanyaga samaki aitwaye taa, usitie mkono kwenye shimo la mkunga, usisimame juu ya matumbawe, maana hayo nayo ni viumbe hai. Akikuchoma taa, loweka jeraha kwenye maji ya moto unayoweza kuyavumilia, kisha uende hospitali.

Kwa Matema, ratiba yangu ni nyepesi. Zamia Ijumaa. Jumamosi nenda soko la Lyulilo ukachague vyungu vya Wakisi, vinavyokuja kwa mitumbwi. Jumapili asubuhi ndipo upande milima.