Damu ya kitovu si bima ya mtoto

"Tumemhifadhia damu ya kitovu, kwa hiyo akipata selimundu au lukemia (saratani ya damu) dawa yake iko tayari." Hakuna kauli inayorudiwa na wazazi kuliko hii, na imekosea pande zote mbili.

Selimundu ni hitilafu ya jeni. Mtoto akizaliwa nayo, seli shina zake zote, yaani seli mama zinazotengeneza damu, zinayo, hata zile za kitovu zilizogandishwa siku aliyozaliwa. Kumrudishia ni kumwongezea ugonjwa uleule. Talasemia, ugonjwa mwingine wa damu wa kurithi, hali kadhalika.

Kwa lukemia, mara nyingi badiliko la kwanza la jeni hutokea mtoto akiwa bado tumboni. Alama zake zimewahi kukutwa katika matone ya damu yaliyokaushwa ya vichanga waliougua miaka kadhaa baadaye. Isitoshe, upandikizaji, yaani kumpa mgonjwa seli shina za mtu mwingine, hutibu lukemia kwa sababu kinga ya mchangiaji huyawinda mabaki ya saratani. Seli za mtoto mwenyewe ni kinga ileile iliyoyaachia mwanzoni. Kule "kutokataliwa na mwili" kunakosifiwa kwenye matangazo, hapa ni kasoro.

Halafu kuna hesabu ambayo muuzaji wa huduma ya kuhifadhi haitaji. Kipimo cha kupandikiza kinachotumika sana ni seli milioni 25 zenye kiini kwa kila kilo ya mgonjwa. Mfuko wenye seli milioni 500 unamtosha mtoto wa kilo 20. Kijana wa kilo 60 anahitaji bilioni 1.5, na nyingine hufa wakati wa kuyeyushwa. Ili mfuko ujae, wengine hukimbilia kubana kitovu mapema. Hilo silikubali hata kidogo. Shirika la Afya Duniani linashauri kitovu kisibanwe kabla ya dakika 1 kupita, kwa kuwa damu inayoendelea kumwingia mtoto humjengea akiba ya madini ya chuma kwa miezi kadhaa. Hiyo ndiyo benki ya kwanza kujazwa.

Hapo hutupiwa hoja kwamba tiba mpya ya selimundu inatumia seli za mgonjwa mwenyewe. Ni kweli. Tiba hiyo, Casgevy, iliidhinishwa Uingereza na Marekani mwishoni mwa 2023, kwa wagonjwa wa miaka 12 na zaidi. Ila seli zake huvunwa kwenye damu ya mgonjwa wakati wa matibabu, hukatwa kwa CRISPR, mbinu ya kuhariri jeni, kwenye jeni ya BCL11A inayozima himoglobini ya uchangani, ili himoglobini hiyo irudi kutengenezwa, na hurudishwa baada ya uboho wa zamani kufyekwa kwa dawa ya busulfan. Mfuko wa kitovu haumo katika hatua hata moja.

Kuhifadhi kuna maana pale ambapo ndugu wa mtoto anayetarajiwa tayari ana ugonjwa unaohitaji upandikizaji. Upandikizaji wa kwanza wa damu ya kitovu, alioufanya daktari Eliane Gluckman jijini Paris mwaka 1988, ulikuwa hivyo: mgonjwa mwenye anemia ya Fanconi, ugonjwa wa kurithi unaofanya uboho ushindwe kutengeneza damu, alipewa damu ya mdogo wake. Ndugu wa baba na mama mmoja wana nafasi ya asilimia 25 ya kulingana HLA, alama za seli ambazo kinga hutumia kumtambua mwenyeji na mgeni. Waoneni wataalamu wa upandikizaji wiki kadhaa kabla ya kujifungua, na kichanga naye apimwe ugonjwa huo kabla damu yake haijatumika.

Zipo na kauli nyingine tatu za kitabibu zinazowapotosha wazazi. "Seli shina hutibu usonji." Seli za damu ya kitovu hutengeneza damu, hazigeuki kuwa neva. Jaribio la watoto 180 lililochapishwa mwaka 2020 halikufikia lengo lake kuu. Kliniki inayotoza fedha ili mtoto aingie kwenye "utafiti" iepukeni.

"CAR-T imefuta tiba kemikali." Haijafuta. CAR-T ni seli za kinga za mgonjwa zilizobadilishwa jeni ili ziwinde saratani; mojawapo, Tisagenlecleucel, iliidhinishwa Marekani mwaka 2017 kwa lukemia ya seli B (seli za kinga zinazotengeneza kingamwili) iliyorudi au iliyogoma dawa, na kabla ya seli kuingizwa mgonjwa hupewa fludarabine na cyclophosphamide, ambazo zenyewe ni tiba kemikali. Seli zikianza kazi huja homa kali na presha kushuka, ndiyo maana tocilizumab, dawa ya kutuliza mlipuko huo wa kinga, huwekwa karibu. Seli B zisizo na ugonjwa nazo huuawa, na watoto wengi huhitaji kuongezewa imunoglobulini (kingamwili) kwa muda mrefu.

"Programu ya simu inapima oksijeni, inatosha." Kamera ya simu si kipima oksijeni. Hata kipima halisi cha kubana kidole, kikiwa cha mtu mzima, hudanganya kwa kichanga: mwanga hupita pembeni na mguu ukitikisika namba huruka. Tumia kihisi cha kuzungushia unyayo, subiri mawimbi yatulie ndipo usome. Kwenye ngozi nyeusi namba inaweza kuwa juu kuliko hali halisi, kwa hiyo hesabu na pumzi: sekunde 60 kamili, mtoto ametulia, hanyonyi. Pumzi 60 au zaidi chini ya miezi 2, 50 hadi miezi 11, 40 hadi kabla ya miaka 5, ni za haraka mno. Mpeleke, hata kama skrini ni ya kijani.