Je, utafiti wa ustawi wa jamii huishia kabatini?

Dhana: Watafiti huja, hujaza madodoso, huondoka. Sisi tunabaki vilevile.

Ukweli: Lawama hiyo ina haki yake. Ni wangapi hapa Mwanza wameulizwa maswali saa nzima, wakapewa soda, wasisikie tena majibu yaliishia wapi? Lakini chukua utafiti wa kitaifa wa ukatili dhidi ya watoto, uliofanyika 2009 na kutangazwa 2011. Karibu wasichana 3 kati ya 10, na mvulana 1 kati ya 7, walisema walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Baada ya hapo ikawa vigumu kusema ni visa vya familia chache zilizolaaniwa. Mpango wa taifa wa kutokomeza ukatili dhidi ya wanawake na watoto (MTAKUWWA), ulioanza 2017/18, ulitaka kamati za ulinzi wa wanawake na watoto ziundwe hadi kijijini na mtaani. Kama kamati ya mtaa wenu haijawahi kuitisha kikao, muulizeni mwenyekiti.

Dhana: Utafiti ni takwimu tu.

Ukweli: Usukumani, bibi mwenye macho mekundu aliitwa mchawi, na vikongwe wengi waliuawa kwa mapanga. Ukikaa naye jikoni, jibu unalivuta puani: moshi wa kuni na samadi kavu, miaka nenda rudi, kwenye kibanda kisicho na dirisha. Ukiendelea kuuliza, taratibu, unakuta pia shamba. Mjane anamiliki ardhi, na kuna ndugu anayeitaka. Hapo ndipo kazi ya ustawi wa jamii inapotofautiana na ya polisi: polisi anamtafuta aliyeshika panga, wewe unauliza nani angerithi. Wilayani Magu, shirika la kusaidia wazee la MAPERECE, kwa ushirikiano na shirika la kimataifa la wazee la HelpAge, lilitoka na majibu ya namna hiyo likaenda kwenye majiko banifu yenye moshi kidogo, nyumba bora na mazungumzo na sungusungu na waganga wa jadi. Jiko banifu kama kinga ya mauaji! Nani angelifikiria hilo akiwa ofisini?

Dhana: Mradi ukishindwa, utafiti wake ni pesa iliyotupwa ziwani.

Ukweli: MEMA kwa Vijana ulijaribiwa kwenye jamii 20 za mkoa wa Mwanza kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990: masomo ya afya ya uzazi shuleni na huduma rafiki kwa vijana zahanati. Vijana walielewa zaidi, ila maambukizi ya VVU na mimba havikupungua. Watafiti walitangaza hivyo hivyo, bila kupaka rangi, wakasema kumfundisha kijana peke yake hakutoshi kama watu wazima wanaomzunguka hawaguswi. Binti anaweza kupata alama zote darasani, na jioni bado akakutana na mwenye boti anayejua kwao hakuna unga.